Oksijeni ya begani huanzia kwenye LUKU

Ripoti ya tume ya jarida la The Lancet Global Health kuhusu oksijeni ya matibabu, iliyotoka Februari 2025, ilipokewa huku kwetu kama habari ya hospitali. Takwimu iliyodakwa ni ile ya watu bilioni 5, yaani asilimia 60 ya wakazi wa dunia, wasio na uhakika wa kupata oksijeni salama kwa bei wanayoimudu. Mazungumzo yakaenda moja kwa moja kwenye mitambo: mkoa gani umefungiwa, wilaya ipi bado, mitungi inajazwa wapi. Ni mazungumzo halali, na baada ya yale tuliyoyaona wakati wa UVIKO-19 hakuna wa kuyabeza. Lakini ndani ya hesabu hiyohiyo mlikuwa na kundi lililopitwa kimyakimya: watu takriban milioni 9 wenye ugonjwa sugu wa mapafu wanaohitaji oksijeni kila siku, mwaka hadi mwaka, wakiwa nyumbani kwao. Hawa hawahitaji kitanda cha wodini. Wanahitaji hewa hiyo sebuleni, chumbani, na njiani kwenda kliniki, na mtambo mpya wa hospitali ya mkoa hauwafai kitu wakisharuhusiwa.

Pengo lao limezibwa na biashara. Fungua Instagram jioni yoyote, utakutana na tangazo la mashine nyeupe ya oksijeni ya kuning'iniza begani na mzee anayetabasamu akitembea bustanini. Maneno ya chini hayabadiliki: mpe mzazi wako uhuru, bei njoo inboksi, tunatuma mikoani. Familia zinachangishana. Aliye ughaibuni anaombwa atume moja. Na sasa kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mjadala wa nini kiingie kwenye kitita na nini kibaki nje, nimeanza kusikia watu wenye nia njema wakitaka mashine hizo zilipiwe na bima. Nadhani wanaanzia mwisho. Kwa mgonjwa wa mapafu wa Tanzania, na wa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, mashine ya begani ni hatua ya tatu. Ya kwanza ni kupimwa sawasawa. Ya pili ni oksijeni ya nyumbani isiyokatika kwa saa 15 za siku, ambayo tafsiri yake halisi ni umeme, mitungi na fundi. Anayeruka mbili hizo na kununua begi anatoa fedha nyingi kwa kifaa ambacho hakikutengenezwa kwa kazi aliyokipa.

Tujue kwanza tunamzungumzia nani. Huko Marekani mgonjwa wa oksijeni ya nyumbani mara nyingi ni mtu aliyevuta sigara miaka arobaini. Kwetu kundi ni pana zaidi. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na TB ikipona haiyaachi mapafu kama ilivyoyakuta. Inaacha makovu, mashimo na njia za hewa zilizoharibika, na pumzi inaweza kuendelea kupungua miaka mingi baada ya mgonjwa kuambiwa amepona. Yupo mama aliyepika kwa kuni na mkaa tangu akiwa binti. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na moshi huo ifikapo 2034, lengo zuri, ila halitayarudisha mapafu ambayo moshi umeshayala. Wapo wachimbaji waliovuta vumbi la mwamba Mirerani na kwenye machimbo ya dhahabu, wakapata silikosisi wakiwa bado na umri wa kusomesha watoto. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, iliyoanza kama kituo cha kifua kikuu enzi za Mwingereza, inawajua vizuri. Kwa hiyo mtu anaposema oksijeni ya nyumbani ni mambo ya wazee wa Ulaya, ajue kwamba wengi wa wagonjwa wetu ni watu wa rika la kufanya kazi.

Ushahidi wa tiba hii ni wa zamani na haujatikisika. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 203 waliokuwa na upungufu mkubwa wa oksijeni kwenye damu. Kundi moja lilipewa oksijeni usiku tu, kama saa 12. Lingine lilipewa mfululizo, na kwa wastani lilifikisha karibu saa 18 kwa siku. Vifo katika kundi la usiku vilikaribia mara mbili ya vile vya kundi la pili. Mwaka uliofuata Waingereza wakatoa matokeo yao ya wagonjwa 87: waliopewa oksijeni angalau saa 15 kwa siku walikuwa 42, na katika miaka 5 walifariki 19, ambao hawakupewa walikuwa 45, wakafariki 30. Tangu hapo saa 15 ndicho kiwango kinachofuatwa duniani. Mwaka 2024 Sweden ikaongeza jambo muhimu. Wagonjwa 241 waligawanywa, wengine wakaandikiwa saa 24 na wengine saa 15, na mwaka ulipokwisha hapakuwa na tofauti ya vifo wala ya kulazwa. Nashangaa utafiti huu haujapewa uzito huku kwetu, maana unabadilisha hesabu yote. Ikiwa saa 15 zinatosha kulinda uhai, na saa 8 au 9 kati ya hizo ni za usingizi, basi sehemu kubwa ya tiba inafanyika mtu akiwa kitandani na kwenye kochi. Anayeokoa maisha ni mashine kubwa iliyo pembeni ya kitanda. Ya begani inaongeza utu na mizunguko, vitu vyenye thamani yake, ila vya daraja jingine.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu nimeisikia kwenye misiba, kwenye vijiwe na, nasikitika kusema, hata kwa baadhi ya wahudumu wa afya: kwamba oksijeni "inamzoesha" mgonjwa, mapafu yanakuwa mavivu, na akishaanza ndiyo basi. Ninaelewa ilikotoka. Wengi wetu tumeiona oksijeni kwa mara ya kwanza kwenye pua ya ndugu aliyekuwa anakata roho, kwa hiyo mtungi umekuwa dalili ya mauti kama sanda. Lakini rudi kwenye wale Waingereza: theluthi mbili ya walionyimwa walikufa, na waliopewa hawakufika nusu. Kama huo ndio uvivu wa mapafu, basi tuutafute. Mtu anayehitaji oksijeni leo na kesho anaihitaji kwa sababu mapafu yake yameharibika, si kwa sababu aliionja. Kuna punje moja tu ya ukweli humo, na wenye hoja yao hawaisemi. Kwa baadhi ya wagonjwa ambao njia zao za hewa zimeziba kwa muda mrefu, oksijeni iliyozidi huifanya hewa chafu ya kaboni ijikusanye mwilini, mgonjwa anasinzia na anaweza asiamke. Ndiyo maana madaktari wa kifua huweka kiwango cha oksijeni kwenye damu ya watu hao kati ya asilimia 88 na 92 na hawakikimbizi kwenye 100. Namba ya mtiririko, yaani lita za oksijeni zinazotoka kwa dakika, ni dozi kama dozi nyingine. Mwana anayeongeza mtiririko usiku kwa huruma kwa sababu mama anahema anaweza kumdhuru.

Na hapo kwenye kuhema kuna kosa jingine kubwa la soko hili. Kuhema kwa shida na kupungukiwa oksijeni ni mambo mawili. Mtu anaweza kutweta kwa sababu kifua kimebana, moyo umechoka, damu imepungua, uzito umezidi au hofu imempanda, na oksijeni yake ikawa 95. Mashine haitamsaidia. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2016 uliwafuata wagonjwa 738 ambao oksijeni yao ilikuwa imepungua kiasi, kati ya 89 na 93 wakiwa wametulia, au iliyokuwa inashuka wakitembea. Waliopewa oksijeni hawakuishi zaidi ya wenzao wala hawakuepuka kulazwa. Mstari unaokubalika wa kuanza oksijeni ya kudumu ni 88 kushuka chini, mgonjwa akiwa ametulia na si siku ambayo ameumwa ghafla. Aliyeruhusiwa na oksijeni baada ya nimonia anatakiwa kupimwa tena baada ya wiki kadhaa, kwa sababu wengi hawaihitaji tena. Kwa anayetweta huku namba zake ni nzuri, dawa za kuvuta alizofundishwa kuzitumia vizuri, mazoezi ya kifua, na hata feni ndogo inayopuliza usoni humletea nafuu zaidi ya begi la mamilioni.

Sasa, hizo namba zinapimwaje? Kwa kile kidude cha kubana kidoleni, oksimita, ambacho baada ya UVIKO-19 kinauzwa karibu kila duka la dawa. Ni kifaa kizuri chenye kasoro inayotuhusu sisi moja kwa moja: ngozi nyeusi hukipotosha. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulilinganisha kipimo cha kidoleni na cha damu ya ateri, ukakuta kwamba upungufu mkubwa wa oksijeni uliofichwa na oksimita ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Maana yake ni kwamba 91 ya kidoleni kwa mgonjwa wetu inaweza kuwa chini ya 88 kwenye damu. Kadi ya bima itakayoandikwa "88 kushuka, kwa oksimita" bila kuruhusu kipimo cha damu itawanyima watu halali, na watakaonyimwa zaidi ni wenye ngozi yetu hii. Mashine za kupima gesi kwenye damu zipo kwenye hospitali kubwa. Kumsafirisha mgonjwa mara moja akapimwe ni nafuu kuliko kumpa au kumnyima tiba ya miaka kwa kubahatisha.

Baada ya kipimo ndipo mtu achague chombo, na hapa hesabu huwashtua wengi. Mgonjwa wa lita 2 kwa dakika, saa 15 kwa siku, anatumia lita 1,800 za oksijeni kila siku. Mtungi mrefu wa wodini hubeba takriban lita 6,800. Haumalizi siku ya nne. Huyo ni mgonjwa wa mitungi minane kwa mwezi, kila mmoja wa kubebwa na wanaume wawili, kupakiwa kwenye bajaji au kirikuu, kupelekwa kujazwa na kurudishwa, na kila safari ina bei yake. Familia nyingi huanza hivyo kwa sababu ndivyo walivyoona hospitalini, na huishia kumpa mgonjwa oksijeni "akizidiwa tu", yaani saa mbili tatu kwa siku, dozi ambayo hakuna utafiti uliowahi kuonyesha kwamba inaokoa mtu.

Njia ya busara zaidi ni konsentreta, mashine ya magurudumu yenye ukubwa wa friji ndogo ya baa. Inavuta hewa ya chumbani, inaibana, inaipitisha kwenye chembechembe za zeolaiti zinazoshika naitrojeni na kuacha oksijeni ipite ikiwa na usafi wa asilimia 90 na ushee. Nguzo mbili za zeolaiti hupokezana, ndiyo ule mlio wa "pshii" unaosikika kila baada ya sekunde chache. Haijazwi wala haiishi. Adui zake ni vumbi, unyevu na umeme unaopandapanda. Sponji ya nyuma inataka kuoshwa kila wiki, kwa mji kama Dodoma hata mara mbili, na bila stabilaiza bodi yake huungua. Mashine hizi nyingi zililetwa nchini wakati wa UVIKO-19, na nyingine zimelala stoo kwa kukosa kichujio cha bei ndogo au mtu wa kupima kama bado zinatoa oksijeni au zinapuliza hewa tu. Mashine iliyochoka haizimi. Inaendelea kunguruma, mpira wa puani unaendelea kupuliza, na ndani yake mna hewa isiyotofautiana sana na ya dirishani.

Nikija kwenye begi lenyewe. Mashine za kubeba kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 2 hadi 5, na huko zinakotoka bei yake mara nyingi inazidi dola 2,000. Nyingi hazimwagi oksijeni mfululizo. Zinasubiri mgonjwa aanze kuvuta pumzi, kisha zinampa mpulizo mmoja mfupi. Ni ubunifu mzuri, maana oksijeni inayomwagwa wakati mtu anatoa pumzi inapotea bure. Lakini namba 2 kwenye kioo chake siyo lita 2 kwa dakika. Moja ya mashine zinazouzwa sana duniani hutoa mililita 210 kwa dakika kwa kila namba. Namba 2 ni mililita 420, na ikipandishwa hadi mwisho, namba 6, ni kama lita moja na robo tu. Kiasi hicho cha dakika hakibadiliki kwa kila namba, kwa hiyo mgonjwa akipanda ngazi na pumzi zikaongezeka kutoka 15 hadi 30, kila mpulizo unagawanywa nusu, wakati uleule ambao mapafu yanadai zaidi. Kuna wanaopata nafuu kamili kwa mpulizo na kuna ambao oksijeni yao hushuka vilevile, na hakuna namna ya kujua ila kumtembeza mgonjwa akiwa nayo, oksimita ikiwa kidoleni. Muuzaji wa inboksi hafanyi hivyo.

Usiku ni tatizo zaidi. Namfahamu mama mmoja mtaani kwetu aliyeletewa begi na mwanawe kutoka Marekani, akaligeuza kuwa mashine ya kulalia. Mama huyo hulala mdomo wazi. Mashine haikuhisi pumzi puani, ikawa inalia "pii, pii" hadi alfajiri, na nyumba nzima ikaamini imeletewa kitu kibovu. Mashine haikuwa na kasoro. Ilikuwa inasema ukweli kwamba haimsikii akivuta.

Chini kabisa ya soko hili kuna bidhaa ambazo kwa maoni yangu zingepaswa kukamatwa. Kuna vimashine vya bei rahisi vinavyoandikwa "lita 1 hadi 7". Soma karatasi yake ya ndani: kwenye lita 1 usafi ni asilimia 90 na kitu, kwenye lita 7 ni kama 30. Hewa tunayovuta barabarani ina 21. Kuna pia vikopo vya oksijeni kama vya dawa ya mbu, vyenye lita 5 hadi 10. Gawanya mwenyewe: lita 10 kwa mtiririko wa lita 2 ni dakika 5.

Mbele ya begi mimi ningeweka mtungi mdogo wa aluminiamu, ule wa takriban lita 680, kama kilo 4 ukiwa mtupu, unaovutwa kwa kitoroli. Kwa lita 2 mfululizo unampa mgonjwa zaidi ya saa 5, na ukifungiwa kifaa cha kutoa mipulizo muda unaongezeka maradufu au zaidi. Hauhitaji chaji. Hautegemei namba za kubabaisha. Unatosha kwenda kliniki, kwenye ndoa ya mtoto, ibadani, na kurudi. Umeme ukikatika usiku unakuwa akiba. Kinachotakiwa ni mahali pa kuujaza au kuubadilisha na mtu wa kumfundisha mgonjwa kusoma saa ya mtungi inayoonyesha gesi iliyobaki, kutopaka mafuta wala grisi kwenye koki, na kukaa mbali na jiko la mkaa na sigara. Kuhusu oksijeni ya kimiminika sina mengi: lita moja yake huwa lita 860 za gesi, na tangu miaka ya 1960 kule Denver daktari Thomas Petty aliitumia kuwatembeza wagonjwa wake, lakini huhifadhiwa kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri na huhitaji gari la kuileta mlangoni. Hata Marekani kwenyewe inazidi kuadimika majumbani na wagonjwa wanalipigania Bungeni.

Nimesema tafsiri ya oksijeni ya nyumbani ni umeme, na kwetu umeme ni LUKU, mita ya kulipia kabla ya kutumia. Konsentreta ya lita 5 hula takriban wati 350. Saa 15 ni uniti 5 na robo kwa siku, uniti 157 kwa mwezi. Chukua nyumba ya kawaida iliyo kwenye kundi la watumiaji wadogo wa TANESCO, shirika letu la umeme, wale wasiozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, ambao pamoja na kodi hulipa kama Sh122 kwa uniti. Tuseme walikuwa wanatumia 60, bili ya Sh7,300 hivi. Ingiza mashine: sasa ni uniti 217. Nyumba hiyo inatolewa kwenye kundi la wadogo na kuingizwa kwenye lile ambalo Sh10,000 hutoa uniti 28. Bili inakuwa kama Sh77,000. Matumizi hayajafika mara nne, malipo yamepita mara kumi, kwa kosa la kuwa na mgonjwa ndani. Kenya ni vilevile au zaidi: tangu 2023 unafuu wa mtumiaji mdogo huishia uniti 30 kwa mwezi, na mashine hii inazimaliza kabla ya wiki. Hizi ndizo fedha zinazoifanya familia izime mashine mchana "ipumzike". Ndiyo maana namshangaa anayepeleka nguvu zote kudai begi lilipiwe na bima huku mashine ya kitandani ikizimwa kwa kukosa elfu mbili ya uniti. Na betri za begi nazo, kwa taarifa yake, zinachajiwa kwenye ukuta huohuo.

Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, limetupa umeme wa kutosha kwenye gridi, ila mgonjwa wa Mbagala hakatiwi na gridi. Anakatiwa na transfoma ya mtaa na nguzo iliyooza. Sola si jibu jepesi kwa nyumba moja, kwa sababu uniti 5 kila siku zinataka paneli na betri za gharama inayozidi mashine yenyewe. Pale ambapo wagonjwa ni wengi kwa pamoja, jua limeshafanya kazi: Uganda walianza oksijeni ya sola Jinja, na utafiti wao wa vituo 20 uliochapishwa 2024 ulionyesha vifo vya watoto wenye upungufu wa oksijeni ndani ya saa 48 vikishuka kwa karibu nusu.

Upande wa pili una hoja nzito na sitaki kuipunguza. Wanaotetea mashine ya begani wanasema mgonjwa aliyefungwa kwa mpira wa mita chache hukata tamaa, misuli hunyauka, nyumba inakuwa jela. Ni kweli. Hata ule utafiti wa 1980, kundi la mfululizo lilipewa vyombo vya kutembea navyo, na wapo wanaoamini sehemu ya faida ilitoka kwenye kutembea kwenyewe. Kwa wenye makovu ya mapafu, ambao wakikaa wako 94 na wakivuka uani wanashuka hadi 80, utafiti wa Uingereza wa 2018 kwa watu 84 ulionyesha oksijeni ya kutembea nayo iliboresha maisha yao ya kila siku. Kijana wa Mirerani mwenye silikosisi anaweza kuwa mmoja wao. Na safari za ndege haziulizi maoni yangu: mtungi wako mara nyingi hauruhusiwi kupanda, chumba cha abiria huwa na hewa nyepesi kama ya kilele cha mita 2,400, na mashirika mengi hutaka betri za kutosha mara moja na nusu ya muda wa safari. Anayekwenda India kwa matibabu, saa 6 za angani, anahitaji betri za saa 9. Huyo anahitaji begi, na bima inaweza kumkodishia kwa wiki tatu kwa fedha ndogo kuliko kumnunulia. Hata anayehama kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, apimwe upya.

Wapo pia wanaosema hospitali kwanza, nyumbani baadaye. Watoto wenye nimonia hawajatosheka, vipi tuwape wazee majumbani? Hoja hii ningeikubali kama wagonjwa hawa wasingekuwa hospitalini. Wako huko. Muulize muuguzi yeyote wa wodi ya wanaume kuhusu yule baba ambaye daktari alishamaliza naye, anakula, anatania, lakini kila akitolewa oksijeni anashuka 82, kwa hiyo haruhusiwi. Anakalia kitanda, anatumia oksijeni ya mtambo uleule tunaoulilia, na ndugu wanauza viwanja kulipa. Kumpeleka nyumbani na konsentreta kunampunguzia hospitali mzigo.

Kwa hiyo kitita cha bima kinapojadiliwa, ningependa kione huduma hii kama mkopo wa mashine. Hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na konsentreta za kuazimisha, namba ya usajili kwa kila moja, na fundi anayezunguka kila miezi mitatu na kipima usafi mkononi. Mashine zilizolala stoo tangu UVIKO-19 ziwe za kwanza kufufuliwa. Kipimo cha gesi ya damu kilipiwe mara moja kabla ya kuanza na kurudiwa baada ya miezi mitatu, na mashine irudishwe kwa asiyeihitaji tena. EWURA, ambayo ndiyo huidhinisha bei za umeme, inaweza kuruhusu nyumba yenye cheti cha daktari ibaki kwenye kundi la watumiaji wadogo hata uniti zikizidi. TANESCO haitafilisika kwa nyumba hizo chache. Na mitambo ya hewa tiba iliyofungwa mikoani kwa fedha za UVIKO-19 ina rampu za kujazia mitungi ya wodini. Kuziongezea viungio vya mitungi midogo na dirisha la kubadilishana siku mbili kwa wiki ni kazi ya mhandisi mmoja wa vifaa tiba na bajeti ya koki.